Uliza Karani: Kalafati, talaka na jiwe la Hammurabi

Toleo lililopita, katika kujibu swali la mirathi, nilimtaja kwa sentensi moja tu Hammurabi, mfalme wa kale wa Babeli, Iraki ya leo, ambaye sheria zake zilichongwa kwenye jiwe. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko migogoro yote ya viwanja vya Tanga. Basi wenye viwanja wanivumilie, leo nafasi yote ni ya Babeli. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, nakaa Ngamiani, na mashauri ya kale nayapenda kwa sababu hayaahirishwi tena.

Shikamoo mzee Karani. Mimi ni fundi wa mashua hapa Sahare, kazi nimeirithi kwa baba. Mwanangu wa kidato cha kwanza kanisomea kwamba kwa Hammurabi nyumba ikimwangukia mwenyewe akafa, fundi naye anauawa. Nikamuuliza, na fundi wa chombo je? Akanyamaza. Naomba msaada wako, maana hapa tajiri akishakabidhiwa chombo chake, kila tobo ni la fundi mpaka siku ya kiama.

Marahaba, fundi. Mwanao kasoma sawasawa. Hicho ni kifungu cha 229, na cha 230 ni kikali zaidi: aliyekufa akiwa mtoto wa mwenye nyumba, anayeuawa ni mtoto wa fundi. Lakini wewe hujengi nyumba. Vyako vinaanza cha 234, na nikutoe hofu mapema, huko hakuna fundi anayeuawa.

Kwanza ujira. Kutia kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, chombo cha gur 60, yaani chenye kubeba kama lita 18,000 za nafaka, fundi alilipwa shekeli 2 za fedha. Shekeli ni gramu 8 na kitu. Ukitaka kujua ilikuwa na uzito gani mfukoni, tazama kifungu cha 273: kibarua wa siku alipewa fedha yenye uzito wa punje 6 za shayiri katika miezi 5 ya mwanzo wa mwaka, na punje 180 zilifanya shekeli moja. Kwa hiyo shekeli ni siku 30 za kibarua, na kalafati ya chombo kimoja ni miezi miwili ya jasho la mtu. Kukodi chombo cha ukubwa huo ilikuwa sehemu moja ya sita ya shekeli kwa siku. Linganisha mwenyewe na mnavyolipana Sahare.

Kalafati yao haikuwa ya pamba na mafuta kama yenu, wala hawakupaka deheni. Walitumia lami ya asili iliyochotwa kwenye chemchemi za Hit, kandokando ya mto Frati.

Halafu ndiyo dhamana, jambo uliloliulizia hasa. Kifungu cha 235: fundi akitia kalafati ovyo, chombo kikaanza kulalia upande au kuonyesha kasoro ndani ya mwaka uleule, fundi atakibomoa, atakiimarisha kwa mali yake mwenyewe, na kumrudishia mwenyewe kikiwa madhubuti. Basi. Hapigwi wala hafungwi. Na mwaka ukipita, jiwe limenyamaza. Mimi nalisoma kwamba tobo la mwaka wa pili ni la mwenye chombo. Tajiri wako umwonyeshe hapo, kisha muandikiane, hata kwenye karatasi ya daftari la mtoto: tarehe ya kukabidhi na majina ya mashahidi wawili. Nimeona mashauri ya vyombo yakifa mezani kwangu kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Na nahodha hakuachwa. Aliyekodi chombo akakizamisha kwa uzembe alilipa chombo na shehena yake, iwe nafaka, sufu, mafuta au tende. Akikizamisha kisha akakiopoa, alilipa nusu ya bei. Kinachonifurahisha zaidi ni cha 240. Chombo kinachopanda mto kikikigonga na kukizamisha kinachoshuka, mwenye hasara hutamka mbele ya mungu kila kilichopotea, na aliyegonga analipa vyote. Kwa nini anayepanda ndiye abebe lawama? Nionavyo mimi, anayeshuka kachukuliwa na maji, hana breki. Anayepanda anakwenda taratibu na ana nafasi ya kukwepa. Aliyetunga hicho alikuwa amekaa na manahodha akawasikiliza.

Babu Karani, shikamoo. Nasoma sekondari, Pongwe. Nimeandika kwenye daftari kwamba Hammurabi ndiye wa kwanza duniani kutunga sheria, na kwamba zilikuwa jicho kwa jicho kwa watu wote sawa. Niache hivyo kwa ajili ya mtihani?

Marahaba mjukuu wangu. Usiache.

Hammurabi alitawala tangu mwaka 1792 hadi 1750 KK, kwa hesabu inayotumiwa na wengi. Zaidi ya miaka 300 kabla yake, karibu mwaka 2100 KK, mji wa Ur ulikuwa na sheria zilizoandikwa kwa Kisumeri kwa jina la mfalme Ur-Nammu. Baadaye akaja Lipit-Ishtar wa Isin, na mji wa Eshnunna nao ukaandika zake, zilizoanza na bei za vitu: gur moja ya shayiri kwa shekeli moja ya fedha, na kuendelea. Sheria za Ur-Nammu ziliwatoza faini waliojeruhi wenzao. Kuvunja mfupa wa mtu, mina moja ya fedha, yaani shekeli 60. Shauri limekwisha, nenda nyumbani.

Jicho kwa jicho kwenye jiwe la Hammurabi lipo, kifungu cha 196, lakini ni baina ya watu huru wa daraja la juu. Ukilitoboa jicho la mtu wa daraja la chini yake, ulilipa mina moja, karibu miaka mitano ya kibarua. Jicho la mtumwa lilikuwa nusu ya bei ya mtumwa mwenyewe, na usidhani yeye ndiye aliyepokea hiyo fedha. Hata tabibu alilipwa kwa ngazi hizohizo: shekeli 10 akimponya mtu wa juu kwa kisu cha shaba, 5 kwa mtu wa kawaida, 2 kwa mtumwa. Na mtu wa juu akifia mikononi mwake, alikatwa mkono.

Kwa hiyo hiyo "sawa" uifute kwa kalamu nyekundu. Mwalimu wako umwendee kwa adabu na daftari lako, usimkosoe mbele ya darasa.

Karani, habari za siku. Mimi ni mama wa watu wazima, Makorora. Huku mtaani kuna dada ambaye mume kaenda kutafuta maisha na hajulikani aliko, na kila mtu ana fatwa yake. Nikajiuliza: hao wa kale mwanamke wa namna hiyo walimfanyaje? Na talaka je?

Nzuri, dada yangu. Umegusa sehemu ambayo wasomaji wengi wa jiwe lile wanairuka, nami naiona ndiyo yenye akili nyingi.

Mume akichukuliwa mateka, walianza kwa kuuliza jambo moja: nyumbani kuna chakula? Kama kipo, mke asubiri, na asipojilinda ana hatia. Kama hakipo, anaruhusiwa kuingia nyumba ya mwanamume mwingine, na kifungu cha 134 kinasema waziwazi hana kosa. Mume wa kwanza akirudi, mke anarudi kwake, na watoto waliozaliwa kule wanabaki kwa baba yao. Sasa sikiliza cha 136, maana nadhani ndicho cha dada yako. Kama mume hakutekwa bali aliutoroka mji wake kwa hiari, mke akaenda kwingine, yule mtoro akirudi akamtaka, hampati. Kosa lake ni kuuchukia mji wake na kukimbia.

Ugonjwa nao waliufikiria. Mke akipatwa na maradhi mazito, mume aliruhusiwa kuoa wa pili, lakini kumwacha mgonjwa marufuku. Anamjengea mahali na kumtunza maisha yake yote. Mke mwenyewe akikataa kukaa, anachukua mali aliyokuja nayo na kwenda zake.

Talaka: mume akimwacha mke mkubwa ambaye hakumzalia, alimlipa fedha sawa na mahari na kumrudishia alichotoka nacho kwao. Kama mahari hayakuwepo, mina moja. Mke akimkataa mume kwa kinywa chake, shauri lake lilichunguzwa na baraza la mtaa wake. Likiona hana doa, na mume ndiye mzururaji anayemdhalilisha, alichukua mali yake akarudi kwa baba yake bila lawama. Likiona kinyume chake, alitupwa majini. Sikufichi hilo. Ni sheria za wanaume, na mizani yake mwanamke aliingia akiwa mwepesi.

Na ndoa bila mkataba haikuwa ndoa. Kifungu cha 128 kinakata kabisa: umechukua mke hukufanya mkataba, huyo si mke wako. Hapa sisi ni wapole kuliko Babeli. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume, inachukuliwa mmeoana mpaka ithibitishwe vingine. Huyo dada asihangaike na fatwa za jirani. Aende mahakamani na cheti chake cha ndoa, na kama hana, aende na watu waliowaona wakiishi.

Assalaam alaykum. Natembeza wageni Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Mmoja kaniuliza kama pwani hii ilijulikana na watu wa Babeli. Nimwambieje?

Waalaykum salaam. Mwambie habari ya sandarusi, ule utomvu wa mti uliogandamana ukawa mgumu.

Eshnunna, mji uleule wa orodha ya bei niliyomtajia mjukuu wa Pongwe, leo ni kilima kiitwacho Tell Asmar, Iraki. Wafukuaji kutoka Chicago walipata kaburini kito cha kidani cha karibu mwaka 2500 hadi 2400 KK. Kilipopimwa, wataalamu walitangaza mwaka 1991 kwamba ni sandarusi, na kwa maoni yao ni ya pwani ya Afrika Mashariki. Hiyohiyo sandarusi ambayo karne ya 19 ilichimbwa huku kwetu na kupelekwa Marekani kutengenezea vanishi.

Lakini mwanangu, usiwauzie wageni hadithi ya jahazi la Bagamoyo kutia nanga Babeli. Kito kidogo hupita mikono mingi. Ghuba ya Uajemi ilikuwa na biashara kubwa: shaba ilitoka Magan, ambayo ndiyo Oman ya leo, ikapitia Dilmun, yaani Bahrain, hadi Ur. Na ulalamishi ulikuwepo. Karibu mwaka 1750 KK mteja mmoja, Nanni, alimwandikia mfanyabiashara Ea-nasir wa Ur kwamba shaba aliyoletewa ni mbovu na mtumishi wake alidharauliwa. Bamba hilo la udongo liko British Museum, London. Mgeni akinung'unika kuhusu bei zako, mwonyeshe Nanni.

Shikamoo mzee wangu. Nasoma sheria chuoni, kwetu Chumbageni. Tumebishana na wenzangu: wao wanasema jiwe la Hammurabi lilitumika kama Kanuni ya Adhabu, jaji anatafuta kifungu kisha anahukumu. Wewe uliyekaa mahakamani unaonaje?

Marahaba mwanangu. Nilikuwa namngoja wa kuniuliza hili. Wenzako wamekosea, na kosa lao ni la watu wengi.

Jiwe lenyewe ni jeusi, refu mita 2.25, na limesimama Louvre, Paris. Halikupatikana Babeli. Mfalme wa Elamu alilibeba kama nyara katika karne ya 12 KK hadi Susa, Irani ya leo, na Wafaransa wakalifukua huko mwaka 1901 na 1902. Padri Jean-Vincent Scheil ndiye aliyelitafsiri na kuligawa vifungu 282. Jiwe halina namba hata moja. Waelamu walifuta safu kadhaa za chini ili mfalme wao aandike sifa zake, kisha wasiandike kitu. Maofisa wa namna hiyo nimewafahamu.

Sasa ushahidi. Mabamba ya mikataba na mashauri ya enzi hiyo yamefukuliwa kwa maelfu. Yanataja mashahidi, viapo, mihuri na majina ya majaji. Anayesema "kwa mujibu wa jiwe la mfalme, kifungu fulani" karibu hayupo. Tena jiwe lina mapengo ambayo kanuni ya kutumia kila siku isingeyavumilia: kuua kwa kukusudia, kosa ambalo sisi tungelianza nalo, halina kifungu chake cha moja kwa moja. Kipo cha anayemsingizia mwenzake mauaji. Kipo cha mke anayemuua mumewe kwa ajili ya mwanamume mwingine. Cha muuaji wa kawaida, tafuta.

Lilikuwa la nini basi? Soma maneno ya mwanzo na ya mwisho. Mfalme anajieleza kwa miungu na kwa wafalme watakaokuja baada yake: mwenye nguvu asimwonee mnyonge, mjane na yatima wapate haki yao. Juu ya jiwe amechongwa akiwa amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki, aliyeketi. Mtu aliyeonewa anaalikwa aje asomewe jiwe ili moyo wake utulie. Kisha zinafuata laana ndefu kwa atakayelifuta, ambazo Waelamu hawakuzijali. Kwangu mimi ile ni taarifa ya utendaji wa mfalme, na vifungu ni mifano ya hukumu njema. Waandishi wanafunzi waliinakili kwa zaidi ya miaka 1,000, kwa sababu ilikuwa somo zuri.

Kilichoendesha haki chini, mtaani, kilikuwa bamba la mkataba. Karani aliandika makubaliano kwenye udongo mbichi, akalifunika kwa bahasha ya udongo, akayaandika tena maneno yaleyale juu ya bahasha, na mashahidi wakaviringisha mihuri yao. Asiyekuwa na muhuri alikandamiza ukucha au pindo la nguo. Ukitokea ugomvi kwamba maneno ya nje yamechezewa, bahasha inavunjwa mbele ya majaji na la ndani linasomwa. Niliyetunza rejista zenye kurasa zilizochanika naliona jambo hilo kwa wivu.

Vifungu ninavyovipenda vinatoka kwenye ulimwengu huo wa makaratasi. Cha 5: jaji akishatoa hukumu na kuitia muhuri, kisha akaigeuza, analipa mara 12 ya dai na kuondolewa kitini mbele ya watu, asirudi tena. Cha 13: shahidi akiwa mbali, mdaiwa anapewa miezi 6 kumleta. Miezi 6, na ahirisho ni moja. Yakipita, amehesabiwa mwongo na anabeba adhabu ya shauri. Cha 105: wakala wa mfanyabiashara aliyelipa fedha bila kuchukua risiti yenye muhuri, fedha hiyo haiingii hesabuni. Na mambo yakikosa ushahidi kabisa, kama tuhuma za uchawi, mto ndio uliohukumu: mtuhumiwa aliingia majini, akizama basi. Bila shahidi wala bamba, hayo ndiyo yaliyobaki.

Mfalme mwenyewe alifanya kazi kama afisa tawala wetu. Barua zake zimebaki. Anamwandikia Shamash-hazir, mtu wake wa mashamba huko Larsa: fulani analalamika shamba lake limechukuliwa, chunguza, kama ni lake arudishiwe. Anamwandikia ofisa wake mwingine, Sin-iddinam: mwaka umepungua kulingana na majira, ongezeni mwezi wa Ululu mara ya pili. Na kodi iliyotakiwa Babeli tarehe 25 ya mwezi unaofuata? Ifike tarehe 25 ya huo mwezi wa nyongeza. Kalenda ikaongezwa, siku za kulipa hazikuongezwa.

Palipokuwa na amri ya mfalme iliyouma kweli ni kwenye madeni. Riba ya kawaida ilikuwa asilimia 20 kwa fedha na theluthi moja kwa shayiri. Mvuno ukiharibika, mtu alimweka mke au mtoto kwa mdai, na kifungu cha 117 kinasema watumike miaka 3, wa 4 waachiwe. Lakini madeni yalizidi. Hivyo wafalme walitangaza kufuta, na Hammurabi aliuita mwaka wake wa pili mwaka wa kuweka haki nchini. Amri ya Ammi-saduqa, mfalme wa baadaye wa Babeli aliyeshika kiti mwaka 1646 KK, imebaki na maneno yake: malimbikizo ya kodi yamefutwa, mikopo ya shayiri na fedha yenye riba imefutwa, mtaji wa biashara haukuguswa. Hizo amri zilitekelezwa, watu wakavunja mabamba ya madeni. Haikuwa huruma tupu. Mkulima aliyekuwa mtumwa wa mdai wake hakuwa tena mlipa kodi wala askari wa mfalme. Wenzako wakikubishia, waambie waanzie hapo, siyo kwenye jiwe.

Sisi wanabaraza wa kahawa, barabara ya 12, Ngamiani. Jirani, tumebishana: wafalme wa huko walikuwa miungu au watu? Aliyeshindwa alipe kahawa.

Majirani, salaam. Walikuwa watu, ila wengine walijisahau. Naram-Sin wa Akkad, karibu mwaka 2250 KK, alitia alama ya uungu mbele ya jina lake na kuchongwa na kofia ya pembe za miungu. Shulgi wa Ur akamfuata. Hammurabi kwenye jiwe lake anasimama, mungu ndiye anakaa.

Baadaye Babeli ilikuwa na desturi ya mwaka mpya ambayo ningetamani ipelekwe ofisi kadhaa. Kuhani alimvua mfalme fimbo na taji, akamzaba kofi la shavu, akampigisha magoti mbele ya Marduk, mungu mkuu wa mji. Mfalme akaapa hakuupuuza mji wala hakuwapiga makofi raia wake. Akarudishiwa vyake, akazabwa tena. Machozi yakitoka, mungu karidhika na mwaka utakuwa mwema.

Na ishara mbaya ikionekana, walimkalisha mtu mwingine kitini ili balaa limpate yeye, mfalme wa kweli akajificha. Habari zao za kale zinasimulia kwamba Erra-imitti wa Isin alimweka hivyo mtunza bustani, Enlil-bani. Katika kungoja, mfalme akanywa mchuzi wa moto akafia humohumo ndani ya kasri. Mtunza bustani akakataa kushuka, na orodha ya wafalme inampa miaka 24 ya utawala.

Kahawa alipe aliyesema miungu, lakini kwa ajili ya Naram-Sin mpunguzieni, achangie mwenzake vikombe viwili.